Maji ya Kisima Chenu Yanatoka Wapi?
Mwongozo kwa kamati za maji na wakulima wa maeneo makame

Kisima kikikauka Septemba, kikao cha kijiji huwa na jibu tayari: tuongeze kina, au tuchimbe kingine. Mchimbaji analipwa kwa mita, kwa hiyo usitegemee yeye awakatalie. Swali lisiloingia kwenye ajenda ni hili: maji yaliyokuwamo yaliingilia wapi ardhini, msimu gani, na yalikuwa yanaelekea upande gani? Msipolijibu, kisima kipya kinaweza kunyonya maji yale yale ya kisima cha zamani, vyote viwili vikakauka mwezi mmoja.

Mwongozo huu ni wa mjumbe wa kamati ya maji, mwalimu wa sayansi wa sekondari ya kata, au mkulima mwenye kisima chake katika nchi ya mawe na mvua haba kama Dodoma na Singida. Sehemu kubwa ya kazi utaifanya kwa futi kamba, daftari na subira. Sehemu ndogo inahitaji maabara. Hiyo nimeiweka mwishoni.

Kwanza, jinsi nchi kame inavyotunza maji

Sahau habari ya mto unaopita chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya granaiti. Ukichimba unakuta udongo, kisha mwamba uliooza unaovunjika mkononi, kisha mwamba mgumu wenye nyufa, na mwisho mwamba mzima usiopitisha chochote. Maji yamo katika vitundu vya mwamba uliooza na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana kisima chenye maji mengi na shimo kavu vinaweza kuwa majirani: kimoja kimekutana na ufa, kingine kimeukosa.

La pili linawashangaza hata watu wazima waliozaliwa huku: si kila masika hujaza ardhi. Dodoma hupata wastani wa karibu milimita 550 hadi 600 za mvua katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na jua lina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa ya hayo kwa mwaka. Mvua ya kawaida huishia kwenye udongo wa juu na mizizi ya mtama.

Ushahidi wa jambo hilo uko Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye visima vya Mzakwe ambavyo jiji limevitegemea kwa miongo mingi. Kina cha maji huko kimepimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa rekodi ya miaka 55. Walichokiona ni maji kushuka polepole mwaka baada ya mwaka, kisha kupanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Msimu wa El Niño wa 1997/98 ndio uliojaza kuliko yote. Tafiti zilizofuata katika bonde hilo zimeonyesha pia kwamba makorongo yana kazi kubwa: maji hupenya zaidi kwenye mchanga wa sakafu ya korongo wakati wa mafuriko, kuliko yanavyopenya shambani.

Kwa hiyo usikihukumu kisima kwa masika moja, wala usimwamini anayesema "mwaka huu imenyesha vizuri, kisima kitarudi." Pima.

Hatua ya 1: Orodhesha visima vyote

Pita kijiji kizima na vitongoji vya jirani. Andika kila kisima, kikiwamo kilichokufa na vile vya mchangani ambavyo akina mama huvichimba kwenye korongo wakati wa kiangazi. Uliza mwaka wa kuchimbwa, urefu, ladha ya maji, na mwezi yanapoanza kupungua. Wazee waulize jambo moja zaidi: ni mwaka gani maji yalipanda kuliko kawaida? Majibu yao yakiangukia 1998, mmeshapata dokezo.

Angalia na miti. Mkuyu mkubwa wenye majani mabichi mwezi Oktoba unaonyesha maji yasiyo mbali. Mbuyu hauonyeshi kitu. Unaishi kwa akiba ya shina lake. Kuhusu wale wanaotembea na vijiti viwili hadi vikapinda, sina ugomvi nao, ila katika mwamba uliooza mashimo mengi hupata maji kidogo popote yachimbwapo, na vijiti hupewa sifa ya bure.

Hatua ya 2: Pima kina cha maji

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wengi hukosea. Andaa futi kamba ya mita 50 isiyovutika, chaki, maji ya klorini, na kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa kidole, kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini. Kifunge mwisho wa futi. Kikigusa maji, hewa iliyonaswa ndani yake hulia "po!" na utaisikia kutoka juu. Inua na ushushe mara tatu nne hadi uwe na uhakika wa sentimita. Kumbuka kuongeza umbali ulio kati ya sifuri ya futi na mdomo wa kile kipande.

Kisima kikiwa kirefu na chembamba, mlio hupotea. Hapo paka chaki mita mbili za mwanzo za futi, ishushe mpaka namba kamili, tuseme 20, iwe kwenye mdomo wa kisima, kisha ivute. Chaki ikiwa imelowa hadi sentimita 37, maji yako mita 19.63 chini.

Utaratibu:

1. Chagua nukta moja ya kupimia kwenye mdomo wa kisima na uipake rangi. Kila atakayekuja baada yako apimie hapo hapo.
2. Pima alfajiri kabla mtu hajateka. Pima tena baada ya dakika kumi. Kama maji yamepanda kati ya vipimo viwili, kisima bado kinajirudishia, subiri.
3. Osha futi kwa klorini kabla ya kila kisima. Usihamishe uchafu wa kisima cha mifugo kwenda cha shule.
4. Andika papo hapo: tarehe, saa, kina, na kimo cha mdomo wa kisima juu ya ardhi. Usitegemee kukumbuka jioni.
5. Pima visima vyote siku moja. Kimoja cha Juni na kingine cha Agosti havilinganishwi.

Rudia kila mwezi, tarehe ile ile. Daftari la kisima ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: namba moja haisemi kitu, mfululizo wake ndio unaoonyesha kama anakua au anadhoofika.

ONYO
• Usishuke ndani ya kisima cha kuchimbwa kwa mkono ili upime. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni bila kutoa harufu yoyote, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka naye.
• Usiwashe pampu ya petroli ndani ya kisima wala karibu na mdomo wake mtu akiwa chini.
• Kisima cha pampu ya mkono mara nyingi hakina tundu la kupitishia futi. Usikifungue mwenyewe, mwite fundi wa pampu, na umwombe aache tundu dogo lenye kizibo.

Hatua ya 3: Tafuta maji yanakoelekea

Maji ya ardhini hutoka mahali ambapo usawa wake uko juu kwenda mahali ambapo uko chini. Usawa wa maji, si usawa wa ardhi. Ili kuupata, chukua kimo cha mdomo wa kisima, toa kina cha maji.

Tatizo ni kimo. Simu yako itakupa namba, lakini inaweza kukosea kwa mita kumi au zaidi, wakati tofauti unayoitafuta ni ya mita mbili tatu. Kwa visima vilivyo karibu, tumia mpira wa maji wa fundi mwashi, ule unaoonyesha levo, ukihakikisha hauna viputo vya hewa. Kwa visima vilivyo mbalimbali, mlipeni mpima ardhi kwa siku moja. Ni gharama ndogo ukiilinganisha na shimo moja kavu. Huna haja ya kimo kutoka usawa wa bahari: kipe kisima kimoja namba 100, vingine vipime kutoka hapo.

Unahitaji visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja. Huu ni mfano wa kubuni, ufanye kwa penseli:

| Kisima | Kimo cha mdomo (m) | Kina cha maji (m) | Usawa wa maji (m) |
|---|---|---|---|
| A | 100.0 | 14.0 | 86.0 |
| B | 97.5 | 15.5 | 82.0 |
| C | 95.0 | 11.0 | 84.0 |

1. Chora visima vitatu kwenye karatasi kwa kipimo, mfano sentimita 1 kwa mita 50.
2. Unganisha kisima cha juu kabisa (A, 86) na cha chini kabisa (B, 82).
3. Kwenye mstari huo tafuta mahali ambapo usawa ni sawa na wa kisima cha kati (C, 84). Hapa ni katikati kabisa, kwa sababu 84 iko nusu ya njia kati ya 86 na 82.
4. Unganisha nukta hiyo na C. Popote kwenye mstari huo maji yana usawa mmoja.
5. Chora mshale unaoukata mstari huo kwa pembe mraba, ukitoka upande wa A kwenda upande wa B. Huo ndio uelekeo wa maji.

Tazama tena jedwali. Anayeangalia ardhi kwa macho angeapa kwamba maji yanaelekea C, maana ndiko bondeni. Vipimo vinasema yanaelekea B. Choo kipya, zizi au shimo la taka likiwekwa upande wa A wa kisima chochote kati ya hivi, kisima hicho kiko njiani.

Je, uchafu utafika lini? Tuseme kutoka A hadi ule mstari wa 84 ni mita 500, na maji yameshuka mita 2: mteremko ni 0.004. Mwamba uliooza ukiwa na upitishaji wa mita 1 kwa siku, na vitundu vyake vikiwa sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, maji husogea 1 × 0.004 ÷ 0.1, yaani mita 0.04 kwa siku. Ni kama mita 15 kwa mwaka. Choo kilicho mita 60 juu ya mkondo kitahitaji miaka minne. Usifurahi mapema: kwenye ufa ulio wazi, safari hiyo hiyo inaweza kuwa ya siku chache. Kwenye mwamba wa nyufa maji hufuata ufa kwanza, mshale wako baadaye.

Kuna mtego mwingine. Kama B ina pampu kubwa inayofanya kazi usiku na mchana, usawa wake wa chini unaweza kuwa umetengenezwa na pampu yenyewe. Omba izimwe usiku mzima kabla ya kupima. Pia usichanganye kisima cha mita 12 na cha mita 90 kwenye mchoro mmoja. Huenda kila kimoja kinanywa kwenye tabaka lake.

Hatua ya 4: Pima chumvi

Kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikiwa nyingi, namba hupanda. Mvua ina chumvi kidogo sana. Maji huiokota kwenye mwamba kadiri yanavyokaa na kusafiri. Kwa kawaida, basi, namba ndogo huonyesha ukaribu na mahali yanapoingilia, na namba kubwa huonyesha safari ndefu. Teka maji hadi namba itulie ndipo uandike. Yale yaliyolala kwenye bomba yatakudanganya. Zipange namba kwenye ramani yako: zikipanda kufuata mshale, mshale unathibitika. Kisima kimoja kikiruka peke yake katikati ya kijiji, shuku vyoo na upime nitrati. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita.

Maabara ikikupimia kloraidi, unaweza hata kukadiria ni kiasi gani cha mvua kinachofika chini. Mimea na jua huchukua maji lakini huiacha kloraidi, kwa hiyo kadiri inavyokolea ndivyo maji machache yalivyopenya. Zidisha mvua ya mwaka kwa kloraidi ya mvua, gawanya kwa kloraidi ya kisima. Kwa mvua ya milimita 560 yenye miligramu 1 kwa lita, na kisima chenye 40, jibu ni milimita 14 kwa mwaka. Hesabu hii inafaa pale tu ambapo kloraidi yote imetoka angani. Karibu na vyoo, mazizi au ardhi ya magadi, iache.

Na floraidi? Haionyeshi njia, lakini ukiwa Singida, Shinyanga, Manyara au Arusha usichimbe bila kuipima kwenye visima vya jirani. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchimba zaidi huenda kukaizidisha.

Hatua ya 5: Kaa na korongo

Siku korongo linaposhuka na maji, andika tarehe, na urefu yalipofika ukingoni. Kisha pima visima kila siku kwa wiki mbili, halafu kila wiki. Kisima kinachopanda ndani ya siku chache kinalishwa na korongo. Kinachopanda baada ya miezi kinalishwa kwa mbali, na kisichopanda kabisa kinakula akiba ya zamani. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hiki, na hakuna kinachopuuzwa zaidi, kwa sababu wakati huo wa mvua hakuna anayekumbuka kisima.

Mkigundua kwamba korongo ndilo linalowalisha, linahitaji ulinzi. Malori ya mchanga yanabeba tabaka linalopokea maji yenu. Wenzetu wa Kitui na Makueni, Kenya, wamekwenda mbali zaidi: wanajenga mabwawa ya mchanga, kuta za kukinga korongo ili mchanga ujae nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga, mbali na jua.

Hatua ya 6: Kinachobaki kwa maabara

Baadhi ya majibu yamo ndani ya maji yenyewe. Kuna chembe za oksijeni-18 na deuteri, nzito kidogo kuliko za kawaida. Maji yaliyokaa lamboni juani hupoteza zile nyepesi na kubaki na nzito, kwa hiyo kisima kinachovuja kutoka lambo hujulikana. Mvua kubwa za kanda yetu, kwa upande wake, huwa nyepesi kuliko manyunyu, na visima vilivyojazwa na mafuriko hubeba alama hiyo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekusanya vipimo vya namna hii vya mvua tangu miaka ya 1960, Dar es Salaam na Entebbe zikiwamo, hivyo mtaalamu ana cha kulinganisha.

Kuna pia kipimo cha umri. Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza tritiamu kwenye mvua ya dunia nzima, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Maji yasiyo nayo kabisa aghalabu yaliingia ardhini kabla ya hapo. Kaboni-14 huonyesha umri wa maelfu ya miaka. Kisima cha namna hiyo kinywewe kwa hesabu, maana kinachotoka hakirudi katika maisha yenu.

Vipimo hivi si vya kulipwa na kijiji. Iandikieni Bodi ya Maji ya Bonde lenu au chuo kikuu chenye idara ya jiolojia, mkiambatanisha nakala ya daftari. Mtafiti akikuta miaka miwili ya vipimo safi, atakuja. Mkiombwa kutuma sampuli, jazeni chupa ya plastiki ngumu ya mililita 50 hadi juu bila kiputo, muifunge kwa nguvu, muandike jina la kisima na tarehe kwenye chupa, si kwenye kifuniko.

MAKOSA YA KILA SIKU
• Kumwaga rangi, chumvi au mafuta kisimani ili kuona yatatokea wapi. Hiki ni kisima cha watu. Kazi ya rangi ni ya wataalamu, kwa kibali.
• Kupima wakati wa kiangazi tu. Bila namba za masika hujui kilichoingia.
• Kuamini picha ya setilaiti peke yake. Mwaka 2013 yalitangazwa maji mengi chini ya Lotikipi, Turkana. Yalipopimwa baadaye yalikutwa na chumvi.
• Kuacha daftari nyumbani kwa katibu. Akihama, historia inahama naye. Nakala moja ikae shuleni, nyingine ofisi ya kijiji.

KABLA YA KUMLIPA MCHIMBAJI
☐ Tuna vipimo vya kina vya angalau mwaka mmoja
☐ Mshale wa uelekeo umechorwa, na vyoo na mazizi vimewekwa kwenye ramani
☐ Floraidi, nitrati na chumvi vimepimwa kwenye visima vya jirani
☐ Mtaalamu wa jiofizikia amepima mahali zaidi ya pamoja, na ameonyeshwa ramani yetu
☐ RUWASA (wakala wa maji vijijini) na Bodi ya Maji ya Bonde wana taarifa, na vibali vimepatikana
☐ Mkataba unataja malipo ya shimo kavu
☐ Mkataba unamtaka mchimbaji aache bomba la kupimia, na atukabidhi taarifa ya uchimbaji: tabaka kwa tabaka, kina maji yalipoonekana, na matokeo ya jaribio la pampu

Hilo la mwisho ndilo wanalosahau wengi. Kampuni ikimaliza kazi bila kuwakabidhi taarifa hiyo, msisaini hati ya kupokea kisima.